Kuzunguka na Kuzungushwa

Ukikaa asubuhi moja tu kwenye foleni yoyote huku kwetu, iwe Imvepi, iwe Rhino Camp, iwe Lobule kule Koboko, kuna neno utalisikia mara kumi kabla jua halijawa kali: "Wananizungusha." Analisema Mkongo, analisema Msudani Kusini aliyeokota Kiswahili njiani, analisema mtu wa boda ambaye abiria wake hajamlipa tangu wiki jana. Mkongo atalitamka kwake, "bananizungulusha," na hakuna anayeuliza maana. Nataka tulitazame neno hili polepole, kwa sababu ndani yake kuna swali ambalo sisi wa foleni na ninyi wa dawati hatujakaa kuliongea: kumzungusha mtu ni kosa, au ni hali ya maisha tu, kama vumbi?

Kuzunguka kwenyewe hakuna neno. Gurudumu la baiskeli linazunguka, pia ya watoto inazunguka, dunia inalizunguka jua. Mtu naye amezunguka soko lote la Arua akitafuta dawa ya mtoto. Ukizunguka sana unashikwa na kizunguzungu. Na walimu wengi wa Kiswahili watakuambia kwamba hata mzungu ametokana na hapo hapo, mtu asiyetulia, anayezungukazunguka nchi za watu. (Wageni wa mashirika wasikasirike. Siku hizi wanaozunguka nchi za watu ni sisi.)

Mambo yanabadilika ukiongeza kipande kidogo tu mwishoni. Zunguka, zungusha. Sasa kitendo kina mwenyewe: kuna mkono unaozungusha, na kuna kitu kinachozungushwa. Ajabu ni kwamba mtu wa foleni akisema "nazungushwa," hamalizi sentensi. Nazungushwa na nani? Hapo ananyamaza, au anasema "na hawa watu." Lugha inadai jina, na jina halipatikani. Nadhani huko ndiko maumivu yalipo hasa.

Chukua mfano ambao kila msomaji ameuona. Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kuwagawa wakimbizi wa Uganda katika makundi matatu kulingana na uhitaji, na kundi la tatu likatolewa kwenye mgao. Sitaki kubishana hapa kuhusu uamuzi huo. Pesa zilikuwa zimepungua, hilo linajulikana. Ninachosema ni kuhusu mama anayeamini amewekwa kundi lisilo lake, awe wapi awe. Anakwenda dawati la kwanza, anaambiwa jina lake liko dawati la pili. La pili linasema alete barua ya mwenyekiti. Mwenyekiti amesafiri. Barua ikipatikana, mhusika yuko kwenye mkutano, "njoo Jumatano." Jumatano wanaulizana mhusika ni nani. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemwambia hapana. Pengine hakuna hata mmoja aliyesema uongo. Lakini mwezi umekwisha, palizi imempita, na nauli ya boda ameikopa.

Kwa hiyo kuzungusha ni kitu tofauti na kudanganya, na tofauti na kukataa. Aliyekukataa amekupa kitu: umejua, unaweza kulia, kugombana, au kwenda kulima. Aliyekudanganya utamkamata siku moja. Anayekuzungusha hajakupa chochote cha kushika, wala yeye hashikiki, na siku zako anazitumia kulipia raha yake ya kutosema neno gumu. Masika gari likinasa kwenye tope la barabara zetu, gurudumu linazunguka kwa nguvu zote, mafuta yanaungua, injini inapiga kelele ya kazi. Mtu aliye mbali akisikia atadhani gari linakuja.

Najua jibu mtakalonipa, na ni jibu zuri. Mtasema: hata sisi hatupendi kusema hapana. Mzee wa Kilugbara hakuambii usoni kwamba hakuozeshi binti yake, atasema tutaongea. Mwislamu atasema inshallah, Mkristo atasema tuombe. Na mkimbizi mwenyewe, mwenye duka akija kudai, anamtuma mtoto mlangoni: "Baba hayupo." Kweli kabisa. Lakini kwenye "tutaongea" ya mzee wote wawili wanaijua lugha ile. Kijana amesikia hapana, imefunikwa tu kitambaa ili asiaibike, na kesho ataanza kutazama boma jingine. Mama wa dawati la pili hajui kama ameambiwa hapana, ndiyo, au subiri. Na yule wa "baba hayupo"? Huyo anazungusha, simtetei. Kuwa maskini hakumpi ruhusa, ingawa namwelewa zaidi kuliko ninavyomwelewa mwenye mshahara.

Halafu kuna kuzungusha ambako watu wanakutafuta wenyewe. Kina mama wa bloku wanazungusha pesa kila wiki: Wakongo wanaita likelemba, Watanzania wanaita upatu. Leo wote wanatoa, mmoja anapokea. Wiki ijayo mwingine. Hapo pia unazunguka, pia unangoja, pengine miezi. Mbona hakuna anayelalamika kwamba anazungushwa? Kwa sababu duara lile analiona lote. Anajua wako wangapi, yeye ni wa ngapi, na mwenye daftari ni jirani anayelala mlango wa tatu. Kungoja kwenye duara unaloliona ni uvumilivu. Duara usiloliona ni kizunguzungu.

Na watu wa hapa wanajua duara kubwa kuliko hilo. Amin alipoanguka mwaka 1979, na vita ilipofika West Nile mwaka uliofuata, watu wa Koboko na Arua walikimbia kwa maelfu, wakavuka kuingia Zaire na Sudan. Walikaa huko miaka, wakarudi kidogo kidogo katika miaka ya 1980. Leo wajukuu wa waliowapokea wako Lobule na Rhino Camp. Kuna wazee huku wenyeji wanaotukatia kipande cha ardhi bila maneno mengi, ukiwauliza wanakuambia tu mahali walipolala wao ng'ambo ya mpaka. Hawakutuzungusha.

Linabaki jambo la kijana wa dawati, maana naye nimemfikiria. Mara nyingi hana uwezo wa kuamua. Anamwandikia bosi wake, bosi anaandika Kampala, Kampala haijibu. Naye anazungushwa. Je, aliyezungushwa akimzungusha mwenzake, kosa ni lake? Nusu yake, naona, ni lake. Hana uwezo wa kutoa chakula, lakini kusema "mimi siwezi, na sidhani kama utajibiwa kabla ya mavuno" kunahitaji mdomo tu. Ataogopa kelele, na ana haki ya kuogopa.

Niliona mmoja aliyethubutu. Alibandika karatasi mlangoni, Kiswahili, Kiarabu cha Juba na Kiingereza: majina hayatarekebishwa hadi tathmini mpya, tarehe haijulikani, msipoteze nauli. Chini akaandika jina lake. Siku ile alitukanwa mpaka akafunga dirisha. Kesho yake foleni ilikuwa ya watu sita, na ukipita njiani ulisikia majembe. Wale sita nao niliwauliza. Mmoja akaniambia karatasi ameisoma, ila amekuja kumwona mtu aliyeandika jina lake.