Jirani Anapokuwa Mlinzi

Tunaambiwa mara kwa mara kwamba polisi na raia ni kitu kimoja. Kwenye mikutano ya kijiji watu hupiga makofi wakisikia hivyo, na mimi hupiga pia. Lakini kuna swali haliniachi: hivi polisi akishakuwa mmoja wetu, yule tusiyempenda atakimbilia kwa nani?

Huku kwetu Goweko, na Tabora kwa ujumla, ulinzi wa wananchi haukuletwa na semina. Jeshi la Polisi lilianza kuhubiri polisi jamii na ulinzi shirikishi miaka ya 2000. Sungusungu walikuwepo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakianzia pande za Kahama na Nzega. Wizi wa ng'ombe ulikuwa umezidi, kituo cha polisi kiko mbali, na watu walishachoka kumkamata mwizi leo na kumwona mtaani kesho. Basi wakashika pinde, mishale na filimbi. Yowe likipigwa, wanaume wote wanatoka. Ukibaki umelala, unalipa faini.

Wamebeba jina la wale wadudu weusi wanaouma. Mmoja utampuuza, wakija kundi, utavua viatu ukimbie. Mwalimu Nyerere aliwaunga mkono, na mwaka 1989 sheria ikawapa uwezo wa kukamata kama mgambo. Sehemu nyingi ng'ombe wakalala salama.

Tatizo ni kwamba kundi lilelile lilipiga watuhumiwa ili wakiri. Aliyebisha alitengwa: hasalimiwi, haombi moto, haji mtu msibani kwake. Na yowe halikupigwa kwa wezi peke yao. Bibi kizee mwenye macho mekundu, aliyeyaharibu kwa moshi wa jikoni miaka hamsini, naye aliitwa mchawi.

Jirani anajua mengi. Anajua nani kapata pesa ghafla, ndama wa nani kabadilishwa alama. Polisi mgeni hajui hayo, ndiyo maana anamhitaji jirani. Ila jirani anajua pia kwamba bibi yule ana ugomvi wa shamba na wakwe zake, na pengine yeye mwenyewe analitamani hilo shamba. Kutojua kwa mgeni, ambako kwenye upelelezi ni udhaifu, kwa mtuhumiwa kunageuka kinga.

Najua nitajibiwa: mgeni naye hanunuliki? Hananunulika, tena bila aibu, maana kesho hakutani na mtu kisimani. Jirani angalau ana aibu. Hoja hiyo naikubali, lakini aibu hufanya kazi mtu akiwa peke yake. Watu mia wakishika fimbo pamoja, kila mmoja anaiachia aibu kwa mwenzake.

Kwa hiyo sitaki tuchague kati ya jirani na mgeni. Jirani alinde, aseme alichokiona, afuate nyayo za ng'ombe usiku. Akifika kwenye kuhukumu, aondoke, aje mtu asiyemdai mtuhumiwa chochote. Na polisi wa kata nitampima hapo. Kukaa kwake nasi kijiweni nakupenda, lakini siku yowe litakapopigwa mlangoni kwa yule bibi, nataka kumwona amesimama upande wa ndani wa mlango, anatutazama sisi.