Kitabu Mbele ya Dhuluma

Wahenga walisema, mwenye nguvu mpishe. Msemo huu una busara yake njiani, lakini ukifanywa kanuni ya maisha, dhuluma haitakosa kiti duniani. Basi, msomaji kijana, tuulizane: mtu asiye na bunduki, wala kura, wala mali, aweza kufanya nini mbele ya serikali yenye nguvu zote? Waandishi wa Afrika Kusini walijibu kwa kalamu, na jibu lao lastahili kupimwa.

Chama cha Makaburu kilipoingia serikalini mwaka 1948 kiliufanya ubaguzi wa rangi kuwa sheria. Sheria ya mwaka 1950 iliwaandikisha watu wote kwa rangi zao. Ile ya 1952 ilimlazimisha kila Mwafrika aliyetimiza miaka 16 kuchukua pasi, ndugu ya kile kipande walichovalishwa shingoni babu zetu hapa Kenya. Ile ya 1953 iliwapa watoto wa Kiafrika elimu iliyopunguzwa makusudi, wasije wakatamani makuu. Mwaka 1963 ikaja sheria ya kukagua vitabu na kuvipiga marufuku.

Hapa tutue kidogo. Serikali ile ilikuwa na jeshi, polisi na magereza. Iliogopeaje karatasi? Kwa sababu ilisimama juu ya uongo mmoja, kwamba utu hupimwa kwa rangi. Bunduki yaweza kuulinda uongo, lakini haiwezi kuugeuza kuwa kweli.

Tazama riwaya ya Miriam Tlali, Muriel at Metropolitan, iliyochapishwa mwaka 1975. Humo hamna vita. Kuna karani mweusi katika duka moja la Johannesburg, ambalo huwauzia Waafrika samani na redio kwa malipo ya polepole. Kila siku anaona wenzake wakinaswa na madeni, na kila siku kalamu yake mwenyewe ndiyo inayoyaandika madeni hayo. Mwishowe dhamiri yamshinda, anaandika barua ya kuacha kazi. Mwaka 1979 kitabu hicho kilipigwa marufuku. Waliokizuia walitambua kwamba msomaji akimwona karani yule akipima mema na mabaya, hawezi tena kuamini kwamba yeye ni mtu pungufu.

Waandishi walilipa gharama kubwa. Es'kia Mphahlele, aliyekuwa mwalimu, alizuiwa kufundisha mwaka 1952 kwa kuipinga elimu ile duni. Aliihama nchi yake mwaka 1957, na mwaka 1963 akaja Nairobi, akaanzisha Chemchemi, kituo cha kuwakuza waandishi na wasanii wetu. Mti uling'olewa kwao, ukatoa kivuli kwetu. Naye Dennis Brutus, aliyefungwa katika kisiwa cha Robben na kukatazwa kuchapisha maandishi, alipotoka gerezani alitunga mashairi kwa umbo la barua, maana barua hakukatazwa.

Je, kila andiko linalopinga dhuluma ni jema? Hapana. Albie Sachs alikuwa mpigania uhuru. Mwaka 1988 bomu lilimkata mkono huko Maputo. Hata hivyo, mwaka 1989 aliwaomba wenzake waache kwa muda kusema kwamba sanaa ni silaha ya mapambano. Aliona kuwa sanaa ikifanywa silaha tu, husahau mapenzi, shaka na furaha, navyo ndivyo vinavyomfanya mtu kuwa mtu. Nami nakubaliana naye. Silaha humtumikia yeyote aishikaye. Tena mwandishi anayewachora watu wote wa rangi fulani kuwa wanyama anafanya kazi ile ile ya pasi: anamhukumu mtu kabla ya kumjua.

Tusizidishe sifa. Vitabu pekee havikuuangusha ubaguzi. Watu waliandamana, wakafungwa, wakafa. Sharpeville, tarehe 21 Machi 1960, waliuawa 69 kwa risasi za polisi. Uchaguzi wa watu wa rangi zote ulipatikana mwezi wa Aprili 1994. Lakini katika miaka yote hiyo vitabu vilitunza ushahidi, hata mwonevu asiweze kusema hakuonea, wala mwonewa asisahau kwamba yu mtu kamili.

Kwa hiyo usivisome vitabu hivi kwa ajili ya mtihani peke yake, wala kwa kuchochea chuki. Visome kama shahidi asikilizwavyo barazani, kisha ujiulize: ni uongo gani juu ya jirani yangu ninaouamini kwa sababu tu ya kabila lake au umaskini wake? Ukweli ukidhihiri, uongo hujitenga. Lakini ukweli haujidhihirishi wenyewe. Hutaka mtu wa kuuandika, na mwingine wa kuusoma kwa moyo mnyofu.