Maziwa kwa Mwana wa Nyoka

Wahenga walisema, "Mwana wa nyoka ni nyoka." Methali hii aghalabu hutumiwa kumlaumu mtoto kwa makosa ya mzazi wake, na asemaye huwa hamfikirii nyoka hata kidogo. Leo, msomaji, nataka tumtazame nyoka mwenyewe, siku ile atokapo katika yai, akiwa hana nguvu wala mlezi. Kisha tujiulize swali moja: Je, nia njema peke yake yatosha kuwa wema?

Nilipokuwa mwanachuo katika chuo cha ualimu, tulitumwa siku moja kuchimbua lundo la samadi nyuma ya zizi tuipeleke shambani. Jembe la mwenzangu lilifichua mayai tisa meupe, marefu kidogo, yenye ganda laini kama ngozi. Wengi walitaka kuyaponda papo hapo. Mkufunzi wetu wa elimu ya viumbe alikataa. Aliyahamisha moja moja hadi katika debe lililojazwa samadi ile ile yenye unyevu, akatuonya tusiligeuze hata yai moja, maana kiumbe aliye ndani hushikamana na upande mmoja wa ganda, na yai likigeuzwa huweza kufa. Tena, kwa kuwa hakujua bado ni mayai ya nyoka gani, alilifunika debe kwa wavu wa chuma akatukataza kuligusa. Akaomba na kibali, kwani sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kujifugia mnyama wa porini apendavyo.

Baada ya majuma kadhaa mayai yalipasuka. Nyoka waliotoka walikuwa wa rangi ya kahawia, wembamba kama penseli, urefu wao kama shubiri moja, na kila mmoja alikuwa na mistari miwili myeupe kila upande wa kichwa, mmoja ukipita katika jicho. Mkufunzi alifurahi. Hao walikuwa nyoka wa nyumbani, ambao hawana sumu ya kumdhuru mtu, na ambao wakikua huwinda panya usiku, wakiwaviringa na kuwabana hata wafe. Yeyote aliyewahi kuona gunia la mahindi lililotobolewa na panya atajua thamani ya mgeni wa namna hiyo.

Mkufunzi alinikabidhi ulezi wa nyoka hao, naye akasafiri kwa siku nne. Aliniambia neno moja tu: "Wape maji, uwaache." Siku ya kwanza hawakula kitu. Siku ya pili pia hawakula. Moyo wangu ukaingiwa na huruma. Nilikumbuka jinsi mama alivyomlisha mdogo wangu alipokuwa mgonjwa, nikaenda jikoni nikaomba maziwa ya vuguvugu. Nyoka hawakuyagusa. Basi nikamshika mmoja baada ya mwingine, nikamfungua kinywa na kumdondoshea maziwa kwa unyoya wa kuku. Nilipofika kwa wa tatu nililala usingizi mwema, nikijiona mtu mwenye moyo mzuri. Asubuhi wawili walikuwa wamekufa.

Mkufunzi aliporudi hakunikaripia. Alinieleza kwamba nyoka aliyetoka katika yai bado ana akiba ya kiini cha yai tumboni mwake, nayo humtosha mpaka atakapojivua gamba mara ya kwanza, yapata juma moja. Kabla ya hapo huwa hana haja ya chakula. Tena tundu la pumzi la nyoka liko sakafuni mwa kinywa, mbele kabisa. Amiminiwaye kitu kwa nguvu huzama akiwa katika nchi kavu. Na maziwa si chakula cha nyoka wa umri wowote. Kisha akasema, "Hukuwapa chakula chao. Uliwapa chakula chako."

Maneno hayo sijayasahau. Sisi sote tumefundishwa, nyumbani na katika dini zetu, kwamba tuwatendee wengine kama tupendavyo kutendewa. Amri hiyo ni bora. Walakini mimi niliifuata neno kwa neno, na viumbe wawili wakafa mikononi mwangu. Je, amri ilikuwa na kosa? La. Kosa lilikuwa katika kuielewa nusu. Mimi nikiwa na njaa sipendi kupewa kila apendacho mwingine. Napenda anipaye anitazame kwanza ajue ninahitaji nini. Hilo ndilo nililopaswa kuwatendea. Husemwa kwamba kutoa ni moyo. Naam, ni moyo. Lakini moyo usio na macho huweza kumuua apewaye.

Tangu siku ile tulijifunza kuwatazama. Kila mmoja aliwekwa katika kisanduku chake, kwa maana nyoka wawili wakigombea windo moja, mmoja huweza kummeza mwenzake. Kifuniko kilibana sawasawa. Ndani tuliweka kisahani cha maji na kigae cha kujificha, kwa kuwa nyoka mchanga asiye na maficho hukaa katika hofu na hali chakula. Upande mmoja wa kisanduku tuliupa joto, na wa pili tukauacha baridi, ili achague mwenyewe. Nyoka hana joto lake, na pasipo joto chakula hakisagiki tumboni. Walipokwisha kujivua gamba, kila mmoja alipewa kitoto cha panya kisicho na manyoya, kisichozidi unene wa mwili wake, mara moja kwa juma. Mmoja alikataa kabisa. Mkufunzi alikisugua kitoto cha panya kwa mjusi kafiri aliyenaswa ukutani, kikapata harufu yake. Usiku ule nyoka akala. Alikuwa na njaa siku zote hizo, ila hakuwa amekutana na harufu anayoijua.

Hapa pakazuka shida ya pili. Mwenzetu mmoja aliuliza, "Kitoto cha panya nacho kina kosa gani? Nacho kimezaliwa juzi." Tulinyamaza. Ukiwaza kwa haraka utasema kwamba panya ni adui wa mkulima, basi afe. Lakini jibu hilo ni jepesi mno, maana juzi tu wenzetu walisema vivyo hivyo juu ya mayai ya nyoka. Mimi nimelifikiri jambo hili kwa miaka mingi, na nionavyo ni hivi: Porini nyoka hula panya, na hakuna wa kulaumiwa, kwa sababu ndivyo aishivyo. Lakini umtiapo nyoka katika kisanduku, wewe ndiwe uchaguaye nani afe ili yeye aishi. Mauti yale yamekuwa mkononi mwako. Huwezi kujitakasa kwa kumpa mla nyama uji na maziwa. Ukifanya hivyo utaua wawili badala ya mmoja, na kujidanganya juu yake. Twaweza tu kuhakikisha kwamba panya hateseki, na kwamba hatumfungi nyoka pasipo haja.

Ndiyo maana nasema kwamba amchukuaye kiumbe huchukua na njaa yake, na hofu yake, na deni la wale watakaokufa kwa ajili yake. Ziko sababu za haki za kubeba mzigo huo. Katika Bustani ya Nyoka ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1961, watu hujifunza kumtambua nyoka wa hatari na asiye wa hatari, na elimu hiyo huokoa maisha ya watu na ya nyoka pia. Lakini kumfunga kiumbe ili tuwaonyeshe marafiki ushujaa wetu si sababu ya haki. Sisi, baada ya miezi mitatu, tuliwaachilia wale saba karibu na ghala ya chuo. Sikuwaona tena.

Usije ukaichukua habari hii kuwa ruhusa ya kumshika nyoka mdogo umwonaye njiani. Mwana wa swila ana sumu tangu siku atokapo katika yai, na kifutu, ambaye huzaa wana walio hai, huwazaa wakiwa na sumu tayari. Wapo wanaofanana na nyoka wa nyumbani machoni pa asiyejua. Mwache, ondoka, umwite mjuzi. Hata huko kuondoka ni namna ya heshima.

Basi methali yetu ni ya kweli: mwana wa nyoka ni nyoka. Wahenga hawakusema uongo. Lakini sisi huisoma kama hukumu, nasi twaweza kuisoma kama elimu. Mwana wa nyoka ni nyoka, kwa hiyo usimlishe kama mwana wa mtu. Darasani mwako yupo mwenzio akaaye kimya. Labda wamhurumia, ukamvuta katika kelele za mchezo kwa kuwa wewe wapenda kelele. Nyumbani yupo bibi ambaye humpa haja yake kwa sababu hujamwuliza haja yake. Nami, mwalimu, ninao wanafunzi ambao huenda nawamiminia maziwa kila siku. Kabla hujatoa, mtazame utakayempa. Ukiwa hujui, uliza. Na ukiambiwa, "Wape maji, uwaache," uwe na subira ya kuwaacha.