Dhahabu ya Kilwa, maua ya Lisbon

Anayekwenda Lisbon mwezi Aprili huambiwa apande tramu namba 28, aonje vikeki vya Belém, apige picha mnara ulioko ukingoni mwa mto Tagus. Ni ushauri mzuri. Majira ya kuchipua, jua likipiga nyumba zilizovishwa vigae vya rangi, mji ule unavutia kweli. Lakini Mswahili, hasa mtu wa Lindi, ningemsihi aanzie mtaa wa Janelas Verdes, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale.

Humo mna monstransi ya dhahabu, chombo ambacho Wakatoliki huwekea Ekaristi Takatifu. Mitume 12 wamepiga magoti kuzunguka mahali pa Ekaristi, wadogo kabisa, na kila mmoja ana sura yake. Kazi hiyo inahusishwa na sonara Gil Vicente. Kwenye kitako yamechorwa maneno ya Kireno: Mfalme Manuel aliagiza itengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, ikamalizika mwaka 1506.

Nilisimama hapo muda mrefu, watu wakinipita.

Kodi hiyo haikutolewa kwa hiari. Mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga Kilwa na merikebu za kivita, akamtisha mtawala wake, Amiri Ibrahim, kwamba mji utateketezwa asipokubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kulipa. Dhahabu ikalipwa. Kilwa ilikuwa nayo kwa sababu wafanyabiashara wake walikuwa wameishika njia ya Sofala kwa karne nyingi, huko ilikofika dhahabu ya nyanda za juu za Zimbabwe. Msafiri Ibn Battuta alipopita mwaka 1331 aliusifu mji huo kwa uzuri wake. Na kulipa hakukuuokoa. Mwaka 1505 Mreno Francisco de Almeida alikuja na jeshi, akauteka na kuupora. Kwa hiyo monstransi ilipokamilika, mji ulioitoa dhahabu ulikuwa umekwisha kuvunjiwa heshima yake.

Sikutoka pale na chuki. Mkono wa sonara yule unastahili sifa, na hata mfalme aliyeiagiza hakuficha ilikotoka mali. Kinachoniuma ni kwamba maandishi yale yamekaa wazi zaidi ya miaka 500, nasi wenye Kilwa yetu hatuwasimulii watoto wetu habari zake.

Kisha ikafika tarehe 25 Aprili, nikaiona Lisbon nyingine. Barabara ya Avenida da Liberdade ilijaa watu walioshika maua mekundu ya karnesheni: wazee, vijana, watoto mabegani mwa baba zao. Siku hiyo mwaka 1974 maofisa wa jeshi waliuangusha udikteta uliodumu miaka 48. Mtawala, Marcelo Caetano, alijisalimisha katika kambi iliyo jirani na kanisa la Carmo, lile lililobaki bila paa tangu tetemeko la 1755. Celeste Caeiro, mfanyakazi wa mgahawa, aliwagawia askari karnesheni, nao wakazichomeka kwenye mitutu ya bunduki.

Maofisa wale walikuwa wamechoshwa na vita vya kikoloni vya Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji. Na vita vya Msumbiji vina nyumba kwetu: FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na wapiganaji wake walifundishwa Nachingwea. Mzee mmoja mwenye ua kifuani aliniuliza, binti yake akitafsiri, nimetoka nchi gani. Nilipomwambia Tanzania, alilitaja jina la Nachingwea kabla sijasema lolote zaidi. Alipelekwa Msumbiji akiwa kijana, alisema, kupigana vita ambavyo hakuvitaka. Tukashikana mikono, tukatembea pamoja hadi mwisho wa maandamano.

Kilwa na Nachingwea zote ziko mkoa wa Lindi. Mkoa ambao dhahabu yake ilichukuliwa kwa vitisho ndio uliowapa hifadhi watu ambao mapambano yao yalisaidia kuwafungulia Wareno mlango wa uhuru wao wenyewe. Natamani picha ya monstransi ile itundikwe katika kila shule ya Kilwa, pamoja na maneno yake yaliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na picha ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani iwekwe kando ya monstransi yenyewe kule Janelas Verdes. Wizara husika za Tanzania na Ureno zinaweza kuandikiana barua juu ya jambo hili hata mwaka huu.