Mtoto Asipotee Kati ya Nyumba na Shule



Noeli imepita. Pango limeondolewa kanisani, Epifania imeadhimishwa, na kengele ya shule inalia tena asubuhi. Watoto wanarudi kwa muhula wa pili. Buletini za muhula wa kwanza zimekwisha kusomwa nyumbani, au bado zimefichwa chini ya mkeka. Je, watoto wote wamerudi? Hilo ndilo swali la Januari. Jibu lake halimo shuleni peke yake, wala halimo nyumbani peke yake. Lapatikana pale ambapo nyumba na shule zinasemezana.

Mtakatifu Luka, katika sura ya pili ya Evanjili yake, asimulia jambo lililotokea baada ya sikukuu. Yezu alikuwa na umri wa miaka 12. Alipanda Yeruzalemu pamoja na Maria na Yosefu kwa ajili ya Pasaka, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba yao. Sikukuu ilipokwisha, watu wakashika njia ya kurudi Galilaya, naye akabaki mjini pasipo wazazi wake kujua. Walidhani kwamba yumo katika msafara, wakatembea siku nzima. Walipomtafuta kwa jamaa na rafiki hawakumpata, ikawapasa kurudi walikotoka. Baada ya siku tatu walimkuta Hekaluni kati ya walimu, akisikiliza na kuuliza.

Yafaa kulitazama vema neno hili: walidhani. Maria hakuwa mama mvivu, naye Yosefu alikuwa mtu mwadilifu. Hawakumwacha mtoto kwa ubaya. Ila katika msafara mkubwa wa ndugu na majirani ni rahisi kila mtu kuamini kwamba mtoto yuko kwa mwingine. Ikiwa jambo hilo liliweza kuipata Familia Takatifu, ni nyumba gani itakayosema kwamba haliwezi kuipata?

Mfano wake waonekana kila mwaka katika milima ya Kivu. Maharagwe yaliyopandwa mwezi wa Septemba huiva mwishoni mwa mwaka, na mavuno yake huangukia siku zilezile za likizo na za kufunguliwa shule. Mama wa mtoto wa darasa la nne aona kwamba mikono ya kuvuna ni michache. Asema moyoni: akose juma moja tu, mwalimu ataelewa. Hampelekei mwalimu neno lolote. Mwalimu naye aona nafasi tupu kwenye benchi. Asema moyoni: labda wamehama, labda mtoto ni mgonjwa, wazazi wake wanajua. Haulizi.

Juma moja lazaa la pili, na la pili lazaa mwezi. Mtoto ana macho makali. Atambua kwamba nyumbani hakuna anayemwuliza habari za darasani, na darasani hakuna anayeuliza habari za nyumbani kwake. Siku anaporudi, wenzake wamekwisha kwenda mbali katika hesabu, naye haelewi kitu. Aona haya, aondoka tena. Kwaresima yamkuta akibeba mizigo ya watu sokoni. Nani aliyemfukuza shuleni? Hakuna. Mama alidhani, mwalimu alidhani, na mtoto akapotea katikati ya msafara.

Kanisa halikunyamaza juu ya jambo hili. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikani juu ya malezi ya kikristu, lililotolewa tarehe 28 Oktoba 1965, lafundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na walio wakuu wa watoto wao. Shule yawasaidia, wala haichukui mahali pao. Na Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 796, yaagiza kwamba wazazi na walimu washirikiane kwa karibu, walimu wawasikilize wazazi kwa moyo mwema, na mikutano ya wazazi ianzishwe na kuheshimiwa. Basi, kupashana habari si hisani ya mkuu wa shule. Ni deni. Mwalimu anayejua jambo zito la mtoto na kulinyamaza, amezuia mali ya wazazi. Mzazi anayemficha mwalimu jambo linalomlemea mtoto, amemtuma mwalimu huyo kufanya kazi gizani.

Hata hivyo yapasa kusema kweli: kuna wazazi wanaoiogopa karatasi ya shule. Kwa miaka mingi karatasi hiyo iliwaletea habari moja tu, yaani pesa. Mtoto alirudishwa nyumbani kwa ajili ya deni, na mzazi aliyeitwa alikwenda akiupapasa mfuko wake. Mwaka 2019 Serikali ilianza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo katika shule za umma, kama Katiba ya mwaka 2006 ilivyokuwa imeandika. Shule za msingi za Kanisa zilizo na mkataba na Serikali zimo katika hesabu hiyo. Ni jambo jema kwa maskini. Lakini ndani yake mna hatari moja. Baba aliyekuwa akifika shuleni kwa ajili ya kulipa tu, sasa hana kinachomfikisha huko. Pesa imeondoka, na ziara imeondoka pamoja nayo. Tena madarasa mengi yamejaa kupita kiasi, na mwalimu mwenye watoto wengi mno mbele yake hawezi kuzisoma habari za kila nyumba usoni pa mtoto. Kwa hiyo mazungumzo kati ya nyumba na shule yahitajiwa sasa kuliko zamani.

Tena iko nyumba ambayo hakuna mkubwa anayejua kusoma. Barua ya mwalimu yafika, na mama ampa mtoto aisome. Hapo mtoto amegeuka kuwa shahidi katika kesi yake mwenyewe. Pointi mbaya zasomwa kuwa nzuri, na wito wa kufika shuleni wasomwa kuwa salamu. Mtoto huyo asilaumiwe peke yake. Wakubwa ndio waliomwachia mlango wazi. Mwalimu mwenye busara haitegemei karatasi pekee. Ajua ni nyumba gani inayohitaji barua, na ni nyumba gani inayohitaji miguu yake. Wengine huwafikia kwa simu. Wengine huwangoja nje ya kanisa baada ya Misa. Wengine huwatembelea jioni, wakati mama amerudi shambani na moto umewashwa.

Kanisa la Kongo lina njia nyingine iliyo njema. Tangu mwaka 1961 maaskofu walitaka wakristu wakusanyike katika jumuiya hai za msingi, ambazo katika pande nyingi za mashariki huitwa mashirika. Shirika lajua ni mlango upi uliofungwa, nani amefiwa, nani amehama, na ni mtoto gani aonekanaye njiani saa ambayo wenzake wako darasani. Mkutano wa kwanza wa shirika katika mwezi wa Januari ungekuwa na faida kubwa kama baada ya sala na kusoma Evanjili ungeulizwa neno hili moja: watoto wa nyumba zetu wamerudi shuleni wote?

Lakini hapa yatakiwa akili. Habari zilizo za wote ndizo zinazotangazwa mbele ya wote: siku ya kufunguliwa shule, saa ya kuingia, mwalimu mpya wa darasa, siku ya mkutano wa wazazi, mafundisho ya komunyo ya kwanza, na maandalizi ya mtihani wa mwisho wa darasa la sita. Habari za mtoto mmoja huambiwa wazazi wake, tena kwa faragha. Bwana Yezu mwenyewe, katika sura ya 18 ya Evanjili ya Matayo, alifundisha kwamba ndugu aliyekosa aonywe kwanza peke yake. Anayesimama katika shirika na kutaja wizi wa mtoto wa jirani haleti habari. Aleta aibu, na labda masengenyo. Mzazi aliyeaibishwa mara moja hatarudi mara ya pili.

Tena habari za shule zisiwe za makosa tu. Mzazi anayeitwa kwa mashtaka pekee hujifunza kukimbia. Mtoto aliyekuwa mwoga na sasa anasoma kwa sauti, mtoto aliyemsaidia mwenzake kilema kuvuka mto, mtoto aliyeijua sala ya Nasadiki kabla ya wenzake: mambo hayo nayo ni habari, na wazazi wana haki ya kuyafurahia. Baba aliyepokea neno jema mwezi wa Januari ataweza kulipokea neno chungu mwezi wa Machi.

Nayo nyumba ina ya kuipasha shule. Likizo ni siku chache, lakini mengi hutokea ndani yake. Mtoto amempoteza baba yake. Mama na baba wametengana, naye sasa alala kwa nyanya yake, mbali na shule. Amelala hospitali kwa malaria na bado hana nguvu. Mwalimu asiyeambiwa hayo atamwona mtoto anasinzia, naye atamwadhibu kwa uvivu. Atampiga aliye katika kilio. Neno moja la mzazi lingezuia dhambi hiyo.

Wala kazi hii isiachiwe akina mama peke yao, kama ilivyo desturi mahali pengi. Maria alipomkuta Mwanae Hekaluni alimwambia kwamba yeye pamoja na Yosefu walikuwa wakimtafuta kwa uchungu. Walitafuta wote wawili. Mwanamume anayesema kwamba mambo ya shule ni ya mama, akumbuke kwamba Yosefu alirudi katika njia ile ndefu kwa miguu yake mwenyewe.

Siku za taabu zimeonyesha thamani ya mazungumzo haya. Mwaka 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa Korona, shule za Kongo zilifungwa tarehe 18 Desemba, kabla ya Noeli, zikafunguliwa tena tarehe 22 Februari 2021. Likizo iligeuka kuwa majuma tisa. Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia Goma, familia nyingi zikahama, na watoto wakatengwa na madarasa yao. Nyakati kama hizo uvumi huenda mbio kuliko ukweli, na hakuna mkutano unaoweza kuitishwa. Mwalimu aliyekwisha kujua nyumba za watoto wake na namba za simu za wazazi wao aweza kuwatafuta. Mwalimu asiyejua kitu abaki na daftari la majina tu. Kamba hufumwa kabla ya mto kujaa.

Basi, juma hili kila mzazi mkristu achague siku moja, afike shuleni pasipo kuitwa, amsalimu mwalimu wa mtoto wake kwa heshima, na kumwuliza mambo mawili: mtoto wangu anaendeleaje, na nyumbani kwetu tusaidie nini? Kila mwalimu ahesabu benchi zake, na kwa kila nafasi iliyo tupu apeleke neno nyumbani kabla ya Jumapili. Nao watoto wapeleke barua kama walivyopewa, na kuzisoma kama zilivyoandikwa, kwa kuwa amri ya nne na ya nane zawahusu wao pia.

Yezu alipopatikana alirudi Nazareti, akawatii wazazi wake, akaendelea kukua katika hekima na kimo na neema, na Mama yake akayaweka yote moyoni. Kukua huko kulikuja baada ya kutafutwa. Hata leo watoto wengi wangekua vivyo hivyo, kama wangepata mtu wa kurudi njiani kuwatafuta siku ya kwanza, badala ya kungoja mwezi wa tatu.

Familia Takatifu ya Nazareti iwaombee wazazi na walimu wote, wasiwadhanie watoto kuwa salama, bali wajue. Amina.