Barua Iliyochelewa na Dhana Mbaya

Mtu akikwambia, "Nimekutumia barua pepe jana," nawe ukifungua sanduku lako hamna kitu, je, unaruhusiwa kumdhania uongo? Kazi yangu ni kutengeneza kompyuta hapa Mji wa Kale wa Mombasa, na swali hili huletwa dukani kwangu mara nyingi kuliko mashine mbovu.

Wazee wetu walikuwa na jibu. Barua ya Maskati ilikuja na jahazi, na jahazi lilingoja upepo wa kaskazi. Aliyekaa miezi bila habari ya nduguye hakumtia makosani, kwani alijua baina yao mna bahari. Sisi bahari tumeisahau, ilhali bado ndiyo inayotubebea maneno. Kebo za SEACOM na TEAMS zilitua Mombasa 2009, na EASSy ikafuata mwaka uliofuata. Februari 2012 meli iliyokuwa nje ya bandari yetu iliteremsha nanga pasipostahili, ikaikata TEAMS. Mei 2024 SEACOM na EASSy zikakatika pamoja kule pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Afrika Mashariki. Siku kama hizo huwasikia watu wakigombana: mbona hunijibu, umenidharau?

Mara nyingi sababu iko karibu zaidi. Mwalimu mmoja mstaafu wa Kibokoni aliniita akiwa na hasira. "Fundi, kila baada ya Isha mtandao wakatika. Ni watoto wa jirani, wananiibia." Nikamwomba asimseme mtu kwanza. Ruta ilikuwa chini sebuleni, naye husomea ghorofani, na kati yao kuna ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake karibu dhiraa nzima. Nikachomeka waya kwenye ruta, nikapiga ping kwa ruta yenyewe, yaani kuibishia hodi nione kama inajibu: hakuna kilichopotea. Nikapiga ping nje, kwa seva ya mbali: salama. Nikapanda ghorofani kwa waifai, majibu yakaanza kuanguka. Tena saa ya Isha kila nyumba ya mtaa ina watu, na ruta zote zinasemea chaneli moja. Kwenye masafa ya gigahezi 2.4, chaneli zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Nikahamisha chaneli, nikapandisha waya ngazini. Kulikuwa na waya wa zamani, nikaikata ncha yake nikamwonyesha: vile vijino vya shaba vilikuwa vimeota ukijani kwa chumvi ya bahari. Akaitazama kwa muda, kisha akaniuliza jirani atamwambiaje, maana alikwisha kumsema msikitini.

Hapo ndipo ninapoona uzito wa Sura ya Al-Hujurat. Aya ya 6 inawaamuru waumini wahakikishe habari wanapoletewa na mtu asiyeaminika, wasije wakawadhuru watu bila kujua. Aya ya 12 inawakataza wingi wa dhana, kwa sababu baadhi yake ni dhambi. Wengi huzisoma mbalimbali. Mimi nazisoma pamoja: asiyehakikisha hana kingine cha kushika ila dhana. Ndiyo maana simkubalii anayedhani husnudhani, yaani kumdhania mtu mema, ni kukaa kitako na kusema inshallah kheri. Husnudhani inataka ushuke ngazi, uipime ruta, na ulimi uuzuie mpaka upate jibu.

Kisa kizito zaidi kilikuwa cha ndugu wawili na nyumba ya mirathi, kwenye kichochoro kinachotokea barabara ya Ndia Kuu. Mdogo yuko Maskati, na alitakiwa kutuma hati ya uwakala iliyotiwa saini. Mkubwa alikuja akisema, "Huyu anachelewesha makusudi, ataka fungu kubwa." Hati yenyewe ilikwisha kufika, lakini kwa kuchelewa, na ule uchelewaji ndio uliokuwa ushahidi wake. Nikafungua vichwa vya barua, ile mistari ambayo kila seva huandika inapopokea. Husomwa kutoka chini kwenda juu. Mstari wa chini kabisa: Jumanne, 17:06, saa za Maskati. Kwetu hiyo ni saa kumi na dakika sita jioni, kama alivyodai yule mdogo. Mstari wa juu yake: Alhamisi asubuhi. Tukampigia, naye akatutumia ilani aliyoletewa na seva yake, ambayo hakuielewa. Ilisema sanduku la mpokeaji limejaa. Kaka mtu alikuwa amelijaza kwa picha na video za harusi, na Jumatano usiku binti yake akafuta nyingi. Seva ya Maskati ilikuwa ikibisha hodi muda wote huo.

Kanuni inayoziongoza seva hizi iliandikwa na Jon Postel mwaka 1982, ikaandikwa upya mwaka 2008. Inaitaka seva iliyokataliwa kwa muda ingoje angalau dakika 30 kabla ya kurudi, na isikate tamaa mpaka siku 4 au 5 zipite. Kisha inasema jambo ambalo sijaacha kulitafakari. Seva ikishajibu 250, yaani nimepokea, jukumu linahamia kwake: ama iifikishe barua, au imrudishie mtumaji habari kwamba imeshindikana. Mafakihi walilisema jambo la namna hii katika mlango wa wadia, yaani amana. Aliyewekewa amana hadaiwi ikipotea bila uzembe wake, lakini akizembea anadaiwa.

Seva haina nia, haiandikiwi dhambi. Wanaoipanga ni watu, na hao wataulizwa. Zipo seva zinazojibu "nimepokea" kisha zikaitupa barua bila kumwambia mtumaji wala mpokeaji. Najua nia ni kuzuia matapeli, na matapeli wapo wengi. Hata hivyo nawahesabu walioamua hivyo kuwa wamevunja amana, kwani wangeweza kuikataa barua mlangoni, mtumaji akajua. Aliyechelewa njiani sina neno naye. Wa kuulizwa ni yule aliyekubali kupokea kisha akanyamaza.

Basi msomaji wangu, ukingoja barua isiyofika, angalia kwanza folda ya taka na nafasi iliyobaki sandukuni, kisha mpigie mwenyewe umuulize kabla hujawaambia watu wengine. Na kama kwenye simu yako kuna ujumbe wa mtu ulioufungua ukauacha, mjibu usiku huu, hata kama jibu lenyewe ni kwamba huwezi.