Isale: Jani la mpaka, jani la msamaha

Ukitoka Moshi mjini ukapanda kuelekea Machame, Kibosho au Marangu, utaona pembezoni mwa vihamba mmea mrefu wenye majani ya kijani yanayoning'inia, umepandwa kwa safu. Huo ndio isale, na ikiwa mingi ni masale. Katika misitu ya mlimani huota wenyewe, na ukichanua hutoa vijiua vyeupe vinavyonukia. Wataalamu wa mimea wa Ulaya waliuita Dracaena, neno la Kigiriki lenye maana ya joka jike. Wachagga hawakuona joka. Waliona mambo mawili: mpaka na msamaha. Safu ya masale hutenganisha kihamba na kihamba. Na jani la isale, likifungwa fundo na kupelekwa na mzee kwa aliyekosewa, maana yake ni kuwa mkosaji anaomba radhi.

Nayasema haya kwa sababu yalinifika mwenyewe. Mtoto wa baba yangu mkubwa alisogeza mpaka wa kihamba tulichoachiwa na wazee wetu, kama hatua tatu hivi. Tukagombana. Miaka miwili hatukupeana salamu, na siku za Idd tuliswali msikiti mmoja, kila mtu akitokea mlango wake.

Siku moja baada ya Alasiri, mzee wetu wa ukoo, Muislamu mwenzetu, aliteremka hadi kwangu mjini. Akafungua leso, akatoa isale. Nikamjibu kwa kiburi: "Babu, mimi ni Muislamu. Hayo ni mambo ya kijahilia, sipokei majani."

Mzee hakukasirika. Akasema: "Sawa mjukuu wangu, jani liache. Na msamaha wenyewe, nao ni wa kijahilia?"

Nilikosa la kusema. Mtume (SAW), katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ametukataza kumhama ndugu zaidi ya siku tatu. Mimi nilikuwa na miaka miwili, halafu najificha nyuma ya tauhidi! Kumbe sikuwa natetea dini, nilikuwa natetea hasira yangu.

Ni kweli wapo wanaoamini kuwa anayekataa isale atapatwa na mkosi. Itikadi hiyo tuisafishe, kwani hakuna anufaishaye wala adhuruye ila Allah (SW). Lakini jani likiwa ni ishara tu ya kuomba radhi, basi hiyo ni ada, na wanazuoni wa fiqhi wanaizingatia ada ya watu maadamu haipingani na sheria.

Kabla hajaondoka, mzee aliniambia jambo jingine: "Kabla ya kunituma, ndugu yako ameng'oa masale, ameyarudisha pale alipoyapanda babu yenu. Nimeshuhudia kwa macho yangu."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mmea huo mmoja umepewa kazi mbili. Aliyesogeza mpaka kisha akaleta jani mkononi bila kurudisha ardhi, huyo hajaomba msamaha, amefanya mzaha. Imepokewa na Muslim kutoka kwa Ali bin Abi Talib (RA) kuwa Mtume (SAW) alieleza laana ya Allah juu ya mwenye kubadili alama za ardhi. Na toba inayohusu haki ya mja haitimii mpaka haki hiyo irudi kwa mwenyewe au mwenyewe asamehe.

Nawe uliyekosewa, mkumbuke Abu Bakr (RA). Aliapa kutomsaidia tena Mistah, jamaa yake aliyeshiriki kumzulia Bibi Aisha (RA). Ikateremka aya (24:22) ikiwahimiza waumini wasamehe, kwani wao wenyewe wanapenda Allah awasamehe. Abu Bakr akarejesha msaada wake.

Ndugu zangu wa mjini, mipaka yetu leo ni kuta za matofali na hati za viwanja, na masale tumeyageuza mapambo ya sebuleni. Lakini ugomvi wa mirathi na viwanja umejaa katika nyumba zetu. Kama umechukua, rudisha kwanza, kisha uende ukaombe radhi. Kama umeombwa radhi, usitafute aya ya kufunikia kiburi chako. Mimi jani lile nililipokea, na Ijumaa iliyofuata tulitoka msikitini kwa mlango mmoja.

Wabillahi Tawfiq.